Uso wa Mtu Asiyekunywa

Malaba,
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwa binti yangu Akiteng,

Yoga noi, mwanangu. Habari ya Busia? Habari ya kazi, na habari ya ule mgongo uliokuwa unakusumbua kwa sababu ya kiti cha ofisi? Mimi niko mzima. Kifua safi, miguu safi, meno yote yapo isipokuwa yale mawili uliyoyaona yakitoka. Ni uso tu. Nitafika kwa uso.

Naandika kwa mkono kama mtu wa zamani kwa sababu umenibloki. Mimi! Ojakol! Kutoka Mombasa mpaka Kigali kila dereva ana namba yangu, mwenye mzigo umekwama hapa mpakani anaitisha jina langu kabla ya kuitisha maji, lakini binti yangu mwenyewe amenifungia mlango wa simu. Sawa. Barua hii inabebwa na mama Jerusha, yule wa vitunguu, anayekuja huko kwenu Jumatatu na kurudi Alhamisi. Usipompa jibu amesema atakaa hapo ofisini na magunia yake, na unajua vile vitunguu vinanuka kukiwa na joto.

Sasa, Odeke ameniambia. Ati tarehe ishirini na sita Aprili, watu wa mchumba wako Wanyama wakija kutoka Matayos kuongea mambo ya mahari, kiti cha baba atakikalia yeye. Odeke! Mdogo wangu! Mimi nikiwa hai na suti ninayo! Nilidhani ananitania, kisha nikakumbuka Odeke hajawahi kutania tangu azaliwe.

Ati sababu ni ile picha aliyokutumia. Mwanangu, picha siikatai. Chungu ni cha mzee Ochom, pombe yetu ya ajon ndani yake inatoa moshi, wazee wamezunguka, na huyo katikati mwenye mashavu na pua rangi ya maini mabichi ni mimi. Lakini fuata mrija wangu kwa kidole. Ya wengine wote inaingia kwenye chungu. Wangu unaingia wapi? Kwenye flaski! Flaski ya chai ya tangawizi, ya moto kabisa. Nilipoacha pombe sikuacha watu. Habari zote za mpaka huu ziko kwenye hicho chungu saa kumi jioni, nikibaki nyumbani nitaongea na kuku. Kwa hiyo nabeba chai yangu, nachomeka mrija, tunavuta pamoja. Wananiita Padri wa Chai. Miaka minne na miezi miwili, hakuna tone limepita kwenye koo hili.

Uso unawaka, ndiyo. Umeota na vipele. Sijui kwa nini. Lakini si pombe.

Nisalimie Wanyama. Mwambie baba mkwe wake ni mmoja tu na hajafa.

Ni mimi Papa wako,
Ojakol

*

Busia,
Alhamisi, 16 Januari 2025

Papa,

Nakusalimu. Mgongo ni mzima, asante. Naandika haraka kwa sababu mama Jerusha kweli amekaa hapa na magunia, na bosi ameanza kukohoa.

Sikukubloki kwa hasira ya siku moja. Siku tuliyomzika mama, padri alingoja mwenye boma saa nzima mbele ya jeneza. Ulikuwa umelala chini ya lori la mtu kule kwenye foleni, na suti hiyo hiyo unayojisifia. Msalaba wa mama niliubeba mimi, nikiwa na miaka kumi na sita. Baada ya hapo uliapa umeacha. Ukaapa tena nilipomaliza Fomu Foo. Ukaapa tena. Kila mara uso wako ndio ulinipa jibu kabla mdomo haujafunguka.

Na sasa flaski! Papa, wenzako wanadanganya kwa maneno tu, wewe unaleta na vyombo.

Unajua kwetu mwenye kiti ndiye anavuta ajon kwanza, wageni wakiangalia. Siwezi kukuweka wewe mbele ya chungu siku hiyo, halafu nianze kuomba Mungu. Baba mdogo Odeke atakaa. Wewe njoo ukule, uondoke salama.

Binti yako,
Akiteng

*

Malaba,
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Akiteng mwanangu,

Nakuamkua kwa mikono miwili. Umelala vipi, umeamka vipi, mvua imewafikia? Huku ni vumbi na malori. Mimi niko hai, na hilo neno "hai" lisome polepole, kwa sababu wiki hii nilishikwa kama mwizi.

Jumanne nilikuwa napeleka karatasi za mteja getini. Jua la saa saba, uso unawaka, vipele vimetoka puani mpaka kidevuni, vingine na usaha. Msichana mmoja wa afya, mdogo kwako, akanitazama, akarudi nyuma hatua tatu. "Mzee, simama hapo hapo. Usiguse mtu." Nikamuuliza, "Kwani mimi ni waya wa stima?" Hakucheka. Akaita wenzake. Unajua vile wanaogopa ile mpoksi ya madereva, ule ugonjwa wa vipele unaoambukiza. Mwanangu, watu niliowafanyia kazi miaka ishirini walitawanyika kama nimeachilia nyuki! Ongodia, mtu tuliyekula naye asubuhi sahani moja, alipanda juu ya trela. Juu! Na kitambi kile!

Waliniweka kwenye hema peke yangu siku mbili. Wakanipima. Mpoksi hakuna. Nilishukuru Mungu mpaka jirani wa hema la pili akaniomba ninyamaze. Lakini wakasema huu uso si wa kawaida, nenda ukaonane na daktari wa ngozi, huwa anakuja kliniki mara moja kwa mwezi.

Bahati ilikuwa siku yake, nikaenda. Nilikuta mama mmoja mfupi, miwani mikubwa. Akaniuliza, "Mzee, unakunywa?"

Nikamwambia, "Daktari, na wewe pia?"

"Nauliza chai."

"Chai ndiyo. Ya kuchoma ulimi."

"Na ukishamaliza, uso unakuwaje?"

"Kama nimeingiza kichwa kwa tanuri ya mkate."

"Jua je?"

"Mimi ni ajenti wa mizigo, mama. Ofisi yangu haina paa."

"Na ni krimu gani umekuwa ukipaka?"

Nikamtolea ile niliyouziwa dukani mwezi wa kumi na moja, tyubu ndogo, muuzaji aliapa ni ya Ulaya. Wiki ya kwanza nilikuwa laini kama mtoto. Nikiiacha siku mbili, uso unarudi na hasira mara mbili. Daktari aliishika kwa vidole viwili kama panya. Akasema ina steroidi kali, hiyo imemwaga petroli kwenye moto.

Halafu akaniambia jina. Rosasia. Nikamwandikisha herufi kwa herufi ndiyo unaona nimeliandika sawa. Mishipa midogo ya damu ya usoni inafunguka ovyo, ngozi inavimba, inawaka, inaota vipele vinavyofanana na chunusi. Haiambukizi. Hakuna anayejua mzizi wake wote. Inachochewa na jua, joto, vinywaji vya moto, pilipili, mawazo, na pombe pia kwa mwenye kunywa. Lakini pombe haiileti. Alisema ana mgonjwa mtawa ambaye hajawahi kunusa hata divai ya altare, na pua yake ni kama yangu.

Nikasema, "Lakini nimesikia hii ni ya wazungu."

Akasema, "Wengi hudhani hivyo, hata madaktari. Kwa mzungu uwekundu unauona ukiwa barabarani. Kwetu unajificha chini ya weusi wa ngozi, basi tunaita chunusi, tunaita aleji, au tunamwita mtu mlevi."

Akiteng, nilimshukuru bila mzaha. Mimi! Halafu nikapata nguvu, nikamwambia kila mtu kule nje kwamba Ojakol hashikwi na magonjwa madogo madogo ya mpakani, ugonjwa wake umekuja kwa ndege.

Lililonishtua ni la mwisho. Haiponi kabisa. Inatulizwa, inalala, inaamka. Amenipa jeli ya kupaka jioni na asubuhi, vidonge vya wiki nane, krimu ya kukinga jua, kofia pana. Sabuni ya kipande marufuku. Chai ingojwe ipoe mpaka iwe vuguvugu, yaani iwe maiti. Na nisiinamie tena mvuke wa chungu cha Ochom.

Nimeambatanisha karatasi yake, na muhuri. Isome. Halafu unipe kiti changu.

Papa wako,
Ojakol, mgonjwa wa kimataifa

*

Busia,
Alhamisi, 13 Februari 2025

Papa,

Pole kwa hema. Hiyo ya Ongodia kupanda trela nilicheka, sitasema uongo.

Karatasi nimeiona. Nimeigeuza mbele na nyuma, nikaishika kwenye dirisha. Muhuri umekaa vizuri sana.

Unakumbuka kopo la majarini lililokuwa kwenye meza yako nikiwa darasa la nane? Lilikuwa na mihuri saba. Niliihesabu. Nilikuuliza ni ya nini, ukaniambia, kwa sifa, kwamba hapa mpakani hakuna karatasi isiyopatikana kabla ya chakula cha mchana. Mimi nafanya kazi kwenye meza kama yako sasa. Nimeona barua za madaktari waliokufa zamani zikiruhusu ng'ombe kuvuka.

Ungeniletea kitu kingine chochote ningejaribu kuamini. Lakini wewe, kuniletea karatasi!

Mipango ya tarehe ishirini na sita haijabadilika. Tafadhali usimsumbue baba mdogo.

Akiteng

*

Malaba,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kama kuna mafua huko, funga kifua. Nimechelewa kuandika. Mama Jerusha amepita hapa Jumatatu tatu akiniuliza, "Mzee, hakuna mzigo?" nikimwambia kalamu imeisha wino. Wino haukuisha.

Maneno yako kuhusu kopo yalinipiga mahali. Nilitaka kukujibu kwa kelele, unanijua, kisha nikaweka kalamu chini. Ni kweli. Nimeuza karatasi maisha yangu yote. Siku ninayo moja ya kweli, haina thamani mkononi mwangu. Hiyo hakuna mtu wa kulaumu.

Lakini sikukuandikia kwa ajili hiyo. Alhamisi nilirudi kwa daktari anitazame. Vipele vimepungua, moto umeshuka, pua bado nene kidogo. Akaniuliza kama jambo dogo, "Kwenu kuna mwingine? Maana mara nyingi inatembea kwenye familia."

Nikafungua mdomo niseme hakuna.

Akiteng, nikamwona babu yako. Baba yangu, Eriaku. Wewe hukumkuta. Alikuwa katekista wa kigango chetu, anafundisha watoto sala, anatembea na baiskeli kutoka mlima mpaka mlima. Uso wake ulikuwa huu. Huu wangu! Mashavu rangi ya maini, pua imevimba, vipele, macho mekundu yanatoa machozi. Akisimama kusoma, watu wanapigana viwiko. Walisema anakunywa divai ya misa. Wengine wakasema anapikiwa waragi upande wa pili wa mto na anakunywa kabla jogoo hajawika. Mwishowe wazee wa kanisa walimwita, wakamwambia arudishe kitabu na kanzu. Alirudisha. Hakujitetea, alisema tu, "Mimi sinywi." Neno hilo moja, mara tatu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimesimama pale mlangoni. Unajua nilifanya nini? Nilicheka pamoja na wengine. Njiani tukirudi nilimwambia, "Papa, si ukubali tu, kila mtu anaona uso wako."

Hakunijibu mpaka alipokufa. Si kwamba hakuongea, aliongea mengine yote. Lile hakulijibu.

Na mimi nilipoanza kunywa, nilianza nikijiambia kwamba ni damu, baba alikuwa mlevi, kwa nini mimi nisiwe. Nilimsingizia hata hilo.

Nilimwambia daktari, "Ndiyo, kulikuwa na mwingine," nikatoka nje, nikakaa chini ya kofia yangu pana. Watu wanapita, "Ojakol, vipi, leo hakuna stori?" Hakuna.

Basi sikiliza. Kiti nimempa Odeke, kwa moyo safi. Nimempelekea na suti, imemkaa vibaya lakini atavumilia. Mimi nitasimama njiani niwaonyeshe wageni pa kuegesha magari. Hiyo kazi naijua kuliko mtu yeyote Afrika Mashariki.

Nakuomba kitu kimoja tu badala ya kiti. Siku moja, ukiwa umenawa, bila poda, bila mekapu, simama kwenye mwanga wa mchana uangalie mashavu yako na pua. Macho pia. Kama yako safi, chana barua hii. Kama si safi, usiende kwa duka la krimu. Kliniki ya ngozi inakuja Busia Jumatano ya kwanza ya mwezi. Nenda.

Papa wako

*

Busia,
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Papa yangu mpendwa,

Yoga noi. Uko salama? Dawa unapaka? Kofia unavaa? Jibu yote matatu, usinichezee.

Sijui nianzie wapi, nimeshaharibu karatasi mbili.

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma kwenye choo cha ofisi, mlango umefungwa. Nikanawa uso. Maji yakashuka na mekapu yote, rangi ya chai. Nikatoka nje nyuma ya ghala, kwenye jua, na kioo kidogo.

Papa, mimi ninayo.

Ninayo tangu mwaka jana. Nilikuwa najiambia ni chunusi, ni joto, ni mawazo ya harusi. Uso unawaka nikinywa uji, unawaka nikitoka jua kali kuingia ofisini, macho kama yana mchanga, nikasema ni kompyuta. Nimekuwa nikiamka mapema kuliko kila mtu ili nijipake kabla mtu hajaniona. Hata Wanyama hajawahi kuuona uso wangu mtupu.

Na kuna jambo sikumwambia mtu. Desemba tulienda kwa shangazi yake huko Marachi. Nilikuwa nimepika jikoni pamoja nao, moshi na joto, mekapu imetiririka. Shangazi akanivuta kando, akanishika mkono kwa upole kabisa, akasema, "Mwanangu, najua kwenu Teso mnapika pombe, hiyo si dhambi. Lakini bibi harusi asinywe asubuhi." Mimi! Ambaye sijawahi kuonja hata povu, kwa sababu yako! Nilimwambia, "Shangazi, mimi sinywi." Akanipapasa mkono, akasema, "Sawa, mama, sawa." Vile mtu anamjibu mlevi.

Nilirudi Busia nikanunua tyubu. Ndogo, ya Ulaya. Ndiyo, hiyo hiyo.

Wiki tatu baadaye Odeke akanitumia picha yako, na nikaandika yale niliyoandika. Nilikuwa nimetoka tu kushtakiwa kwa uso wangu, nikachukua uso wako nikakuhukumu. Nimelifikiria hili mpaka nimekosa usingizi. Hata hakimu wa mchezo wa watoto angejitoa kwenye kesi hiyo.

Jumatano ya wiki iliyopita nilienda kliniki. Nilibeba karatasi yako, nia yangu mbaya ikiwa bado hai kidogo, nikaiweka mezani bila kusema kitu. Mama mfupi, miwani mikubwa. Akaisoma, akapiga meza kwa kicheko: "Mzee wa flaski! Huyu aliniuliza kama naweza kuandika kwamba ugonjwa wake ni wa daraja la kwanza." Kisha akanitazama, kicheko kikaisha. Akavuta taa. "Na wewe ni nani wake?"

Nikasema, "Ni binti yake." Nililia pale mpaka nesi akaingia.

Amenipa jeli na krimu ya jua, na matone na usafi wa kope kwa sababu imeshafika machoni. Alisema ningeendelea kuyapuuza yangeweza kuumia vibaya. Ile tyubu ameichukua, amenieleza namna ya kuiacha, na kwamba wiki za kwanza uso utafura kabla ya kutulia. Aprili yote nitakuwa nimefura, Papa. Mpaka tarehe ishirini na sita.

Jumapili nilimwita Wanyama, nikakaa mbele yake bila chochote usoni. Nilimwambia yote, ya babu, yako, yangu. Alisimama, nikajua imekwisha. Halafu akasema, "Kwa hiyo shangazi alimtukana mtu mgonjwa jikoni kwetu." Akachukua baiskeli saa hiyo hiyo akaenda Marachi. Shangazi amenipigia. Tulikaa kwenye simu tukisikia kuku wake.

Nimemwambia baba mdogo Odeke arudishe suti. Alishukuru, alisema inambana kwapani. Nimeongea pia na wazee: chungu cha kwanza kitakuwa cha maji ya mtungi, utavuta wewe, watavuta wageni, kisha ajon iletwe kwa wanaotaka, mbali na wewe. Mzee Ochom amelalamika dakika tano akakubali.

Kiti ni chako. Nakuomba ukikalie. Siombi kama mtu anayetoa zawadi. Na nitakuja kukusalimu mbele yao wote na uso huu jinsi ulivyo, bila mekapu. Naogopa, Papa. Naogopa sana watakavyotutazama.

Namba yangu imefunguliwa tangu Jumatano. Lakini jibu hili nataka kwa karatasi.

Binti yako,
Akiteng

*

Malaba,
Jumapili, 13 Aprili 2025

Akiteng,

Dawa napaka. Kofia navaa. Niko salama.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikampa mama Jerusha anisomee kwa sauti, kwa sababu mimi sikuamini macho yangu. Alifika kwa shangazi wa Marachi akaanza kutukana. Alifika kwa "binti yake" akashindwa, tukaachia hapo.

Leo nilipita kwa kaburi la babu yako. Nilimwambia, "Hukuwa unakunywa."

Nitakaa. Mwambie Odeke kile kiti asikiweke katikati ya uwanja kama walivyopanga, jua la saa nane liko pale. Akiweke kwenye kivuli cha nyumba, ukutani.

Aweke viwili, changu na chako.

Papa wako